Mhariri, huyu binti bado ni mwanariadha

Mhariri shikamoo, naandika toka Mbalizi hapa Mbeya. Kuna binti wa jirani yetu alikua anakimbia mita 800, lori likafeli breki kwenye mteremko wa Iwambi likaigonga daladala aliyopanda, wapo abiria waliofariki, yeye akatoka hai ila mguu ukakatwa chini ya goti.

Watu walijaa kutoa pole mwanzoni alafu wakapotea. Shida halisi imeanza sasa, kigutu kinasinyaa miezi ya mwanzo baada ya kukatwa kwahiyo mguu bandia unapwaya, anavaa soksi mbili tatu ndo ukae, jioni akizivua ngozi imechubuka nyekundu na kesho bado anaenda tena uwanjani. Mama yake anauza ndizi, hela ya kubadilisha ile sehemu ya juu inayoshika mguu ataitoa wapi jamani?

Na nafasi ya kukimbia ipo, kwenye Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, wa hali yake wanaingia kundi la T64, wanawake wanakimbia mita 100 na 200 na kuruka chini. Mita 800 haimo, kwahiyo anajifunza upya kutoka mbio fupi, na anajifunza peke yake, inaniuma sana. Maafisa michezo wa mkoa naomba mtafuteni kocha hata mmoja wa kumsimamia, na nyie gazeti mkiandika habari za uwanja wa Sokoine wikiendi waandikeni na hawa.

Msomaji wenu, Mbalizi