Maua ya malisho nayo yameumia

Mhariri,

Ukame ulioanza 2020 ulitunyima mvua misimu mitano mfululizo, kisha mwishoni mwa 2023 El Nino ikaleta mafuriko. Mifugo iliyokufa ilihesabiwa. Maua ya malisho hakuna aliyeyaulizia. Hapa Kajiado niliona ua la zambarau dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nyuki alitua, akachovya mdomo, akaondoka papo hapo. Udongo ukikauka, nekta, yaani majimaji matamu ya ua, hupungua. Maji yalipotuama, mizizi ilikosa hewa ikaoza, na mabuu ya nyuki wapweke, wasioishi kwa kundi mzingani bali wanaotaga ardhini, yakafa maji vishimoni. Nyuki hao ndio huchavusha nyanya zetu! Naisihi kaunti itenge vipande vya malisho visilishwe wala kunyunyiziwa dawa hadi maua yaangushe mbegu.

Mfugaji nyuki,
Kajiado