Kwa mwanangu Rehema, kabla hujapanda ndege ya Cape Town

Mwanangu Rehema,

Salamu zako tumezipata. Ile ratiba uliyoitupa kwenye kundi la familia nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani, nisije nikakuonea. Sijakuonea. Siku moja: saa 3 asubuhi boti ya Robben Island, saa 7 makumbusho "nusu saa hivi", saa 8 Table Mountain. Hiyo si likizo, mwanangu, hiyo ni doria.

Robben Island peke yake, kwenda, kuzungushwa na kurudi, inakula kama saa tatu na nusu, na bahari ikichafuka boti haziondoki. Kule mlimani nako upepo ukizidi gari la waya husimamishwa. Mmechukua mambo mawili yanayotegemea upepo, na katikati mkachomeka moja ambalo upepo hauna habari nalo, ndilo mkalitengea nusu saa. Geuzeni. Zeitz MOCAA, hayo makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika, yapewe siku yake, hayo mengine yafuate hali ya hewa.

Najua utasema baba na mambo yake ya ujenzi. Sawa, lakini nisikilize. Jengo lile ni ghala la nafaka, lilianza kujengwa 1921 likamalizika 1924, urefu mita 57. Nafaka ilikuja kwa treni kutoka bara, ikapimwa, ikapandishwa juu na kumwagwa ndani ya mapipa ya zege, 42 kwa hesabu, yamesimama yamebanana kama miwa kwenye mzigo. Lilipoacha kazi 2001 ndani ya mapipa hamkuwa na ukumbi wala sakafu ya kumweka mtu. Na kuta za mapipa hayo zilikuwa na unene wa milimita 170 tu. Nguvu ya pipa iko kwenye mduara wake. Ukiukata mduara umebaki na kigae. Ndiyo maana timu ya Thomas Heatherwick, mbunifu Mwingereza aliyeligeuza kuwa makumbusho, haikuanza na msumeno. Walimwaga kwanza zege jipya lenye nondo kwa ndani mpaka unene ukafika milimita 420, ndipo wakakata. Umbo la kukatia walilipata kwenye punje ya hindi, wakaikuza ikajaza ukumbi wa kimo cha mita 27.

Sasa ukiingia, simama pale chini katikati, simu ibaki mfukoni. Tazama kingo zilizokatwa. Ukuta wenyewe umeachwa na mkwaruzo wake wa zamani, lakini pale msumeno ulipopita pamesuguliwa mpaka panang'aa, na ukikaribia unaona kokoto zimekatwa kama karanga kwenye kashata. Tafuta mstari zege la zamani linapokutana na jipya. Mwonyeshe mumeo. Mkwe wangu ni mtu wa hesabu, hilo litampendeza kuliko picha kumi.

Ila hutamwonyesha chochote kama wewe umeshafika ghorofa ya tatu naye bado yuko mlangoni anakabidhi begi. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu, ratiba ni kisingizio tu. Una mwendo wangu. Mama yako husema mgongo wangu anaujua kuliko uso, na watu wakicheka na mimi hucheka. Siku hizi nacheka kidogo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Pandeni kwa lifti mpaka juu, mteremke kwa miguu. Lifti na ngazi za mzunguko zimepitishwa ndani ya mapipa yenyewe, na kuteremka hakukati pumzi. Juu kuna bustani ya sanamu, na sakafuni utakuta miduara ya vioo, ndiyo vifuniko vya mapipa. Mwanga wa ukumbini unaingilia hapo. Alama zilizomo kwenye vioo si uchafu, ni kazi ya msanii El Loko wa Togo, marehemu sasa. Vinakanyagika. Mkiwa huko miezi ya kiangazi chao, upepo wa kusini-mashariki utakuvua mtandio, beba pini.

Vyumba vya maonyesho ni vyeupe na vya mraba, pipa hulisikii tena humo. Kwangu hiyo ni dosari, ingawa najua picha haitundikiki kwenye ukuta uliopinda. Kazi za sanaa hubadilishwa, kwa hiyo usiende umeapa kuona kitu fulani. Mwaka 2017 walipofungua, ukumbini lilining'inia sanamu kubwa la kiumbe mwenye mabawa, la mpira na utepe, kazi ya msanii Nicholas Hlobo wa Afrika Kusini. Ukilitafuta leo unaweza kukuta kingine kabisa. Angalia kwenye tovuti yao wiki ya safari, uone kipi kipo na ghorofa zipi zimefungwa kwa matengenezo ya maonyesho mapya. Watu wengi hununa kwa sababu hiyo tu.

Msijaribu kuona vyote. Kazi 12 zinatosha. Dakika 5 kwa moja, hiyo ni saa nzima ya kutazama tu, hujahesabu kutembea. Baada ya saa moja na nusu macho yanaona lakini kichwa hakipokei tena, na hapo ndipo watu wawili huanza kujibizana kuhusu chakula. Kaeni kabla ya kuchoka. Viatu vya kufunga, si vile vya harusi ya Mwanaidi.

Kila kazi anzeni mbali, hatua kumi, kisha msogee. Mkibahatika kukuta kitu cha El Anatsui, msanii wa Ghana, mtaelewa kwa nini: kwa mbali ni kitambaa cha kifalme kimejikunja, kwa karibu ni vifuniko vya chupa vilivyopondwa vikawa bapa, vikatobolewa na kushonwa kwa waya wa shaba. Mikunjo hupangwa upya kila kinapotundikwa, hivyo picha ya intaneti na kilicho mbele yako havitafanana. Usiguse hata kwa kidole. Mafuta na jasho la mkono hubaki kwenye chuma. Kibao cha maelezo kisome mwisho: kina jina, mwaka, vifaa, vipimo. Ukikisoma mwanzo, unaacha kutazama unaanza kuhakiki. Vyumba vya video vina giza: ingia, simama pembeni mpaka macho yazoee, na kama kibao kinasema dakika 15 kaa zote, au usiingie. Picha pigeni bila taa. Begi la mgongoni livaliwe mbele. Mtu akigeuka nalo ndipo sanamu huanguka.

Halafu achaneni kwa dakika 40. Usishtuke, nimesema achaneni, kwa makubaliano. Kila mmoja achague kazi moja, mkutane ukumbini chini, mpelekane kuonyeshana. Saa na mahali vitajwe kabla, kwa sababu zege nene hula mtandao na mtaishia kupigiana simu zisizoshika. Na wewe ufike wa kwanza ungoje. Umenisikia? Ungoje.

Kumekuwa na utaratibu wa raia wa nchi za Afrika kuingia bure Jumatano kwa kitambulisho. Hakikisha saa zake, na siku ya kufungwa pia, maana imewahi kubadilishwa. Pasipoti ziwe na kurasa 2 tupu na siku 30 za uhai baada ya kuondoka Afrika Kusini. Kadi ya homa ya manjano ibebeni. Kama ni chanjo mpya, huhesabiwa baada ya siku 10, msiende kuchanjwa usiku wa safari kama kawaida yako.

Nimefurahi kwamba umechagua makumbusho. Wenzako wangetaja maduka, nayo yapo palepale Waterfront, eneo la bandarini lilipo jengo hilo.

Huku tangi la maji linavuja upande wa chini. Fundi aliliweka juu ya matofali mawili badala ya kumwaga jukwaa, nami nilikuwepo nikanyamaza. Hela uliyotuma kwa ajili ya mabati nimeihamishia huko, usimwambie mama yako kabla sijamwambia. Yeye anauliza kile kitenge cha bluu ulichoazima, na anasema ukirudi upitie kwa shangazi yako, mguu bado umevimba.

Baba yako