Mcheza gofu wa kulipwa akiumia, ni wa nani?

Ndugu Mhariri,

Katika matokeo ya mashindano mliyochapa mwezi uliopita, mbele ya jina langu paliandikwa neno moja: "alijitoa". Hamkukosea. Nilijitoa kweli, raundi ya pili, shimo la 14. Ila jirani yangu hapa Sakina alilisoma gazeti hilo akiwa kwa kinyozi, jioni akaniuliza kwa huruma kama nimeshachoka na gofu. Naomba nafasi nimjibu yeye na wengine wanaodhani hivyo.

Nilianza nikiwa kedi uwanja wa kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi, nikibeba mabegi ya watu baada ya shule na kujifunza kwa fimbo za kuazima. Leo ni mchezaji wa kulipwa, na siku zisizo na mashindano nafundisha hapa Arusha. Watu wakisikia "wa kulipwa" hudhani kuna mtu anayetulipa. Hakuna. Nauli, malazi, kiingilio, posho ya kedi, vyote vinatoka mfukoni kwangu. Mashimo 36, yaani raundi mbili, yakiisha unafanyika mchujo. Usipopita unarudi nyumbani mikono mitupu. Ukijitoa, vivyo hivyo.

Mkono wangu uliumia Nairobi, kwenye mashindano yaliyotangulia hayo niliyojitoa. Mpira ulikuwa umezama kwenye nyasi za kikuyu, zile nene zinazoishika fimbo, na asubuhi ile bado zilikuwa na umande. Nilichukua chuma namba 7. Fimbo ilishuka, ikakutana na mzizi uliofichwa na nyasi, ikasimama palepale huku mwili wangu ukiendelea kuzunguka. Nikahisi kitu kimefyatuka kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole kidogo. Sisi tunaopiga kwa kulia, mkono wa kushoto ndio unaotangulia, na fimbo ikigota ardhi ndio unaopokea kishindo chote. Na kabla ya hapo ulikuwa umeshapokea mamia ya mipira ya mazoezi kila wiki, miaka nenda rudi.

Nilijifunga plasta nikamaliza mashimo matano yaliyobaki. Nilipita mchujo kwa mkwaju mmoja, nikacheza siku mbili zaidi. Zawadi niliyoipata ililipa chumba na nauli, ikaishia hapo. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Namanga nilinunua chupa mbili za maji yaliyoganda. Moja nikanywa. Nyingine mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alinifungia mkononi kwa mtandio wake, akaniambia, "Pole mwanangu, usiushushe huo mkono." Niliuinua hadi Arusha. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza niliyoipata tangu niumie, siku tatu zikiwa zimepita.

Daktari aliniambia kano imechanika kidogo, nikae wiki 8 bila kushika fimbo. Nilikaa 3. Najua nilifanya vibaya, na mtaalamu wa fiziotherapia alinisema sana, kwa haki. Lakini kiingilio cha mashindano yaliyofuata nilikuwa nimeshakilipa, na mwandaaji alinijibu kwamba hakirudishwi kwa sababu yoyote. Wanafunzi wangu nao walianza kupungua, kwa kuwa mwalimu asiyeweza kuwaonyesha swingi, yaani jinsi ya kuzungusha fimbo, hawamwoni kuwa mwalimu. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Nikameza dawa za maumivu, nikaenda. Shimo la 14 nilishindwa hata kukunja vidole kwenye mshikio wa fimbo.

Kedi wangu, kijana mzuri sana, alijaribu kunitia moyo: "Kaka, mbona Tiger alishinda mguu umevunjika?" Ni kweli. Mwaka 2008, kwenye mashindano makubwa ya US Open, uwanja wa Torrey Pines kule Marekani, bingwa wa gofu Tiger Woods alicheza mashimo 91 akiwa na nyufa kwenye mfupa wa mguu wa kushoto na kano ya goti iliyochanika, akachukua kombe. Vijana wanaishia hapo wanaposimulia. Baada ya hapo alifanyiwa upasuaji na msimu wote uliobaki hakucheza. Yeye aliweza kukaa nje miezi ile na nyumba yake ikaendelea. Isitoshe, PGA Tour, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa kule Marekani, ina utaratibu wa mchezaji aliyeumia kuongezewa nafasi za kucheza akirudi, ili asipoteze hadhi yake kwa sababu ya jeraha. Nawasihi vijana wetu wasiige ile wiki moja ya Tiger bila kutazama kilichokuwa nyuma yake.

Sisi nyuma yetu kuna nini? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini unachangiwa na mwajiri, na mimi mwajiri sina. Bima ya afya najilipia mwenyewe nikiwa na fedha, na miezi nisiyoshinda ndiyo miezi nisiyokuwa nazo.

Ninachowaomba waandaaji na wadhamini hakihitaji fedha kubwa. Kwenye kila kiingilio na kila zawadi ikatwe sehemu ndogo, iwekwe pamoja kwa ajili ya vipimo na matibabu ya mchezaji aliyeumia uwanjani. Nitakuwa wa kwanza kukubali kukatwa. Mwenye cheti cha daktari kiingilio chake kihamishiwe mashindano yanayofuata. Na siku za mashindano awepo uwanjani mtu mmoja anayejua viungo, mwenye barafu na bandeji. Tunaona meza za vinywaji pale klabuni, nzuri na zimejaa. Meza ya huyo mtu mmoja haiwezi kukosa pa kukaa.

Kwa sasa nafundisha kwa mdomo na mkono wa kulia. Nina mwanafunzi mmoja wa miaka 11, binti, namshika vidole vyake kimoja kimoja nikimpanga kwenye fimbo, na juzi amepiga mpira ulionyooka kuliko wote tangu aanze. Wiki ijayo daktari ameniruhusu mipira 30 kwa siku, nusu swingi, chuma namba 9. Safari hii wiki zote 8 nimezimaliza.

Mchezaji wa kulipwa,
Sakina, Arusha.
(Jina na namba ya simu anavyo Mhariri)