Kiwanja kilichokuwa sheli au gereji: pima kabla ya kulipa

Sheli ikifungwa, vinavyoondoka kwanza ni vile vinavyoonekana: pampu, paa, bango la bei. Matangi mara nyingi hubaki ardhini, na hata yakitolewa, udongo uliokuwa umeyazunguka unabaki palepale. Anayenunua kiwanja miaka kumi baadaye anakuta kifusi kilichosawazishwa vizuri na hati isiyo na tatizo. Kilichopo mita nne chini hakiandikwi kwenye hati.

Kinachowadanganya wengi ni udogo wa uvujaji wenyewe. Kiungo cha bomba kinachodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 4 hivi kwa siku, zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Kwenye tangi la maelfu ya lita, upungufu huo huhesabiwa kuwa ni mvuke au makosa ya fimbo ya kupimia. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hupenya mchanga mpaka ikutane na maji ya ardhini, ikatanda juu yake. Masika maji yanapanda nayo. Kiangazi yanashuka na kuiacha imenasa kwenye udongo. Baada ya miaka michache unapata tabaka zima lililolowa, pengine lenye kina cha mita moja au zaidi, ambalo kila mvua kubwa inalisuuza upya.

Miongoni mwa sehemu za petroli zinazosafiri mbali zaidi ni benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita, lakini pua ya binadamu huanza kuinusa kwenye maji ikifika takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja ya kiwango hicho. Tafadhali usinunue kiwanja, wala usiwanyweshe watoto maji ya kisima, kwa sababu tu mtu amesema maji hayanuki. Mchanga wa pwani, kama ule wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, hupitisha mafuta haraka, na visima vya majumbani ni vingi.

Gereji ina sura nyingine. Oili chafu ni nzito kutiririka, hivyo hunasa karibu na uso wa ardhi, hasa kuzunguka shimo la kukagulia magari na pale mapipa yalipowekwa. Risasi ya betri haiozi wala hairuki hewani. Hukaa kwenye sentimita 30 za juu, ndipo watoto wanapochezea. Dawa za kusafishia vyuma zenye klorini ni nzito kuliko maji, hivyo huzama chini kabisa, na mara nyingi njia yake ni karo au shimo la majitaka. Palipooshewa magari, fuata maji yalikokwenda.

Ndiyo maana kazi yetu ya kupima viwanja vya namna hii huanzia kwenye historia, kabla ya kutoboa hata shimo moja. Tunaangalia picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth, mwaka baada ya mwaka, kuona paa la sheli lilikuwa wapi na magari yaliegeshwa wapi. Tunauliza halmashauri kuhusu matumizi ya ardhi ya awali, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kuhusu leseni ya mafuta, na kwa Dar es Salaam, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kuhusu visima vilivyo jirani. Kisha wazee wa mtaa na waliowahi kufanya kazi pale. Maswali ni haya: matangi yalikuwa mangapi, ya mafuta gani, yaliwekwa lini, yaliondolewa lini, na nani aliona udongo wa chini baada ya kuondolewa? Swali la mwisho ndilo linalokosa jibu mara nyingi, na kukosa jibu nako ni taarifa. Kama sheli ilifanya kazi kabla ya 2006, ongeza risasi kwenye vipimo, maana mpaka kipindi hicho petroli yenye risasi ilikuwa bado inauzwa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara.

Uwanjani, tafuta bomba la chuma lililosimama ukutani bila kazi yoyote: huenda ni bomba la hewa la tangi ambalo bado lipo chini. Tangi la namna hiyo usiliguse. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa, kwa hiyo tangi "tupu" lina hatari kuliko lililojaa. Fundi asilikate kwa gesi na mtu asiingie ndani kuchota mabaki, hata kama limekauka kwa miaka.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye ripoti za bei rahisi ni mashimo mafupi. Tangi lenye kipenyo cha mita 2.5 lililofunikwa kwa mita moja ya udongo lina kitako kwenye mita 3.5. Ukichukua sampuli kwenye mita moja, umepima kifusi. Toboa kando ya tangi mpaka chini ya kitako chake, kisha pale lori lilipojazia, chini ya pampu, na kwenye mikunjo ya mabomba. Kila nusu mita, udongo kidogo unawekwa kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, unaachwa kivulini dakika 10, kisha mvuke wake unapimwa kwa kifaa cha mkononi. Kipimo hicho kinatuonyesha kina cha kuchukua sampuli ya maabara, lakini hakichukui nafasi ya maabara. Kuchanganya udongo wa mashimo matano kwenye ndoo moja, kama inavyofanywa kwa udongo wa shamba, huirusha benzeni hewani kabla haijapimwa.

Kwa maji tunaweka visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, kwa umbo la pembetatu, ili tujue maji yanaelekea upande gani. Bomba la PVC la inchi 2 linatosha. Matundu yake lazima yaanzie juu ya usawa wa maji. Yakianzia chini, mafuta yanayoelea hayaingii na utaambiwa pako safi. Vipande vya bomba vinaunganishwa kwa nyuzi za kukaza kama za parafujo, si kwa gundi. Gundi ya mabomba ina viyeyusho vinavyoonekana kwenye majibu ya maabara. Kila mita ya maji ndani ya bomba hilo ni kama lita 2: ukiwa na mita 4, toa kama lita 24 kwanza, mara tatu ya ujazo wake, ndipo uchukue sampuli. Chupa ya mililita 40 yenye asidi kidogo ijae mpaka mdomoni. Ifunge, uigeuze, ukiona kiputo cha hewa, rudia kwa chupa nyingine. Iwekwe kwenye barafu papo hapo, ifike maabara mapema, maana hata ikihifadhiwa vizuri mwisho wake ni siku 14.

Maabara ikikuuliza upime nini, usikubali "mafuta na grisi" peke yake. Kipimo hicho hakioni benzeni. Kwa sheli agiza benzeni, tolueni, ethilibenzeni, zaileni, naftaleni na jumla ya haidrokaboni za petroli. Kwa gereji ongeza risasi, kadimiamu na viyeyusho vya klorini, yaani zile dawa za kusafishia vyuma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasimamia kanuni ya mchafuzi kulipa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo yenye kufuatilia. Lakini mchafuzi aliyefunga biashara na kuhama humpati kirahisi, na wewe ndiye utakayekuwa na kiwanja. Mweleze wakili wako aweke kwenye mkataba sharti la vipimo kabla ya malipo ya mwisho, na aeleze wazi nani atagharimia kutoa tangi au udongo ukikutwa mchafu.

Ukitaka tukadirie gharama, tuletee nakala ya ramani ya upimaji, ruhusa ya maandishi ya mwenye kiwanja ya kutoboa, na kama yupo, mawasiliano ya mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Bei inategemea kina cha maji, idadi ya mashimo na orodha ya vipimo vya maabara, na tunakuandikia kila kimoja na bei yake.