Taarifa ya Mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana 2025, mwaka wetu wa kwanza bila Bibi, aliyekuwa anazunguka kukusanya ada

Ndugu wanachama, asalam aleikum, na wengine Bwana Yesu asifiwe. Mmekuja 19 kati ya 64, asanteni, na najua wengine mmefuata pilau.

Shughuli mnazijua, sirefushi. Misiba mitatu, harusi mbili, viti 40 vimenunuliwa na sita vimeshavunjika miguu hakuna aliyekiri.

Sasa hili linalosemwa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, na kwenye grupu usiku usiku, kwamba nimevunja katiba kwenye rambirambi ya Bibi. Ni kweli Bibi amefariki mwezi wa nne akiwa na deni la ada miezi mitano, na katiba inasema ukizidisha mitatu rambirambi ni nusu. Na ni kweli mimi ndo nilisaini laki sita nzima badala ya laki tatu, tena nikiwa na akili zangu. Lakini tuulizane, 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, boti ziko mchangani, dagaa wa kuanika hakuna, nani aliwalipia ada akina mama 11 kwa hela ya mawese yake? Mnajijua. Yeye hakusema, mimi nimekuja kuona kwenye daftari lake baada ya msiba, kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa kubwa, "huyu nimemlipia, asiulizwe". Kwahiyo deni lake lilianzia kwenye madeni yenu. Mweka hazina anasema ningeitisha kikao kwanza, kikao gani jamani, maiti iko ndani na turubai hatuna? Hilo turubai nilikodi mimi, elfu 80 ya mfukoni, sidai, ila iandikwe kwenye muhtasari.

Hesabu: mwaka jana tulikusanya milioni 2 na laki 9, mwaka huu milioni 1 na laki 4, tumetumia milioni 1 na laki 7, iliyopungua tumetoa kwenye akiba, mchanganuo anao mweka hazina. Mnasema watu wamechoshwa na uongozi. Siyo. Bibi alikuwa anapita siku za giza, mwezi haupo, taa zinavuta dagaa, dagaa wametoka, hela iko mkononi, anakaa juu ya ndoo hapo hapo anakusubiri umalize kuuza, ukimwambia kesho anakwambia kesho kutwa mbalamwezi, utanilipa na nini. Sisi tunatuma meseji tarehe 30, iwe giza iwe mbalamwezi, halafu tunashangaa kimya. Nimejaribu kuzunguka mwenyewe mara mbili, nikapewa dagaa kwenye mfuko nikarudi nyumbani nimeridhika, hela sikuulizia tena.

Mwakani inshallah tutapata mtu wa kuzunguka, kisomo cha mwaka cha Bibi tutakifanya, na mradi wa kuku tutauangalia.

Daftari lake liko kwangu. Sitamtangaza mtu, ila anayebisha laki sita aje kwanza nimuonyeshe ukurasa wake.