Flashi Niliyokutumia na Programu Zilizomo

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni

Maalim wangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, isipokuwa joto la kaskazi ndilo linalotunyima usingizi, na natumai wewe na watu wa nyumbani huko Lamu mu wazima. Barua yako ilinifikia Alhamisi. Lile lalamiko lako, kwamba kila ukisakinisha programu kwenye Linux ya flashi, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, huikuti tena kesho yake, lilinichekesha kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nililia kilio hicho hicho mwaka jana, tena kwa hasara kubwa kuliko yako. Nimeona nisikujibu kwa simu, kwa kuwa jambo lenyewe lina mambo madogo madogo ambayo yakisemwa kwa mdomo husahaulika, na flashi inayofuatana na barua hii haitakufaa mpaka ujue kila kitu nimekiweka wapi na kwa nini.

Hasara yangu ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye saiba moja ya Majengo nikitengeneza hesabu za chama chetu cha kuzikana, na kwa kuwa sipendi kuacha nywila yangu kwenye mashine inayoshikwa na kila apitaye, nilimwomba mwenye duka ruhusa nikaiwasha kompyuta yake kwa flashi yangu. Nilifanya kazi saa tatu, nikawa nahifadhi kila baada ya dakika chache kwenye folda ya nyaraka, kisha stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi nikawasha tena, nikafungua folda, na ndani hamkuwa na hata faili moja. Ilinibidi nirudie michango ya watu sitini na wawili kutoka kwenye daftari, jina baada ya jina, na mweka hazina wetu hakuacha kunikumbusha kwamba daftari halihitaji stima.

Kilichonipata mimi ndicho kinachokupata wewe, ingawa kwako kimekuja kwa sura ya programu na kwangu kwa sura ya hesabu. Mfumo wa laivu, yaani ule unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta, kwa kawaida umo ndani ya faili moja kubwa iliyobanwa kwa mtindo uitwao SquashFS, na faili hiyo husomwa tu, haiandikiki. Juu yake hutandikwa tabaka jingine ambalo makazi yake ni memori, na kila unachokibadilisha, iwe ni rangi ya skrini, programu uliyoisakinisha au barua uliyoihifadhi kwenye folda ya nyaraka, huandikwa kwenye tabaka hilo la juu. Wewe na mimi tulisoma chuoni kwa ubao: unaandika aya, unaisoma, jioni ubao unaoshwa. Tabaka lile ni ubao, na kuzima kompyuta ndiko kuosha.

Tena ubao wenyewe ni mdogo. Mifumo ya laivu ya Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, huliwekea tabaka hilo mpaka wa nusu ya memori, na kompyuta za skuli yenu ulizonieleza zina gigabaiti 4, kwa hiyo mna kama gigabaiti 2 za kuandikia, na hata hizo zinagombewa na programu zinazofanya kazi. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fungua kituo cha amri uandike df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki, kabla ya kusakinisha chochote na baada yake. Ndiyo maana ulipojaribu Flatpak, ile njia nyingine ya kusakinisha programu, kompyuta iliganda katikati ya kazi: Flatpak hushusha kwanza misingi ya mamia ya megabaiti ambayo programu zake husimama juu yake, na yote hiyo ilikuwa ikimiminwa kwenye memori. Bando lako lilikwisha kwa kujaza kitu ambacho kingemwagwa jioni.

Kwa hiyo nimeacha kabisa kusakinisha. Programu nazibeba kama AppImage, ambayo ni faili moja yenye programu na karibu maktaba zote inazozihitaji, yaani vile vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea, unayoipa ruhusa ya kutendeka na kuibofya, basi. Haijifungui kwenye diski wala kwenye memori. Mwanzoni mwa faili kuna kipande kidogo cha kuiendesha, na baada yake kuna SquashFS ileile niliyoitaja, ambayo hupachikwa kwa muda chini ya /tmp na kusomwa kidogo kidogo kadiri programu inavyohitaji. Ukiifunga, kinachobaki ni ile faili tu. Wazo hili ni la kale kidogo na tangu mwanzo lilikuwa jirani wa mifumo ya laivu: Simon Peter alianza na mradi ulioitwa klik mwaka 2004, nao ukatumika kwenye Knoppix, ile CD ya Klaus Knopper ambayo tangu mwaka 2000 iliwaonyesha watu kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi bila diski. Jina la AppImage lilikuja baadaye, mwaka 2013.

Sasa nije kwenye flashi yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole. Ni ya gigabaiti 32. Sehemu ya kwanza ina Debian 12 ya laivu, nayo usiiguse. Nafasi iliyobaki nimeitengenezea sehemu ya pili kwa mfumo wa ext4, ambao ni namna ya Linux ya kupanga faili, nikaipa jina KAZI, na humo ndimo zilimo programu na ndimo utakamohifadhi mitihani yako. Utaniuliza kwa nini ext4 na si FAT32, ambayo hata kompyuta za Windows zingeisoma. Mimi nilianza na FAT32, nikapoteza jioni nzima. Nilikuwa naandika chmod +x inkscape.AppImage, yaani kuipa ruhusa ya kutendeka Inkscape, ile programu ya kuchorea, amri inapita kimya bila kulalamika, lakini nikibofya napata jibu lilelile kwamba sina ruhusa. FAT32 haina mahali pa kuandika ruhusa za faili, kwa hiyo amri ile ilikuwa ikiandika juu ya maji, na Linux inapopachika flashi ya namna hiyo kwa kawaida huzihesabu kuwa zinaweza kutendeka faili zenye mikia ya Windows kama .exe tu. Ungeweza kuinakili programu hadi kwenye folda ya nyumbani na kuipa ruhusa huko, na ingekubali, ila umerudi kwenye ubao na umekula memori. Kwenye ext4 ruhusa ukiipa mara moja inakaa. Jambo moja tu: sehemu ya ext4 ikitengenezwa upya huwa ni mali ya msimamizi mkuu, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuiandika. Hilo nimekwisha kulirekebisha kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, lakini ukija kutengeneza flashi ya pili ulikumbuke.

Najua wewe umesoma habari za kuufanya mfumo mzima wa laivu ukumbuke, ambako sehemu ya flashi huitwa persistence, ikawekwa faili ya persistence.conf yenye mstari wa "/ union", na neno persistence likaongezwa wakati wa kuwasha. Inafanya kazi, na mwenye laptopu yake peke yake huenda ikamfaa. Kwa shule sikushauri. Mfumo wote unapoandika kwenye flashi, unaandika hata vitu usivyovihitaji, flashi za bei yetu huchoka mapema, na stima ikikatika katikati ya maandishi unaweza kukuta mfumo umeharibika kiasi cha kutowaka. Mimi napenda kila asubuhi niukute mfumo msafi kama siku niliouandika, na vitu vyangu vikiwa pembeni, kwenye sehemu ninayoijua.

Limebaki suala la mipangilio. Inkscape ukiifungua kwa laivu, vipimo vyako vya karatasi na rangi zako za michoro ya biolojia huandikwa kwenye folda ya .config ya nyumbani, yaani kwenye ubao. AppImage ina dawa ya hilo ambayo watu wengi hawaijui: ukiwa na folda iliyo kando ya programu, yenye jina lilelile la faili na kuongezewa .config mwishoni, programu itaandika mipangilio yake humo. Kwa hiyo ndani ya KAZI utaona inkscape.AppImage na pembeni yake inkscape.AppImage.config, na vivyo hivyo kwa keepassxc.AppImage, programu ya kutunzia nywila. Nambari za matoleo nimeziondoa kwenye majina kwa makusudi, kwa sababu ukishusha toleo jipya lenye jina tofauti, programu haitaiona folda yake ya zamani na itaanza kama mgeni. Ipo pia folda ya .home, inayoifanya programu iamini kwamba hapo ndipo nyumbani, lakini sikuitumia. Ukihifadhi mchoro "nyumbani" utafichika ndani ya folda hiyo, na najua utanipigia simu usiku kuniuliza umekwenda wapi.

Ikiwa siku moja utawasha kompyuta kwa Linux nyingine na AppImage ikakataa ikisema inahitaji FUSE, ambayo ndiyo huiwezesha kujipachika, au haioni maktaba yake ya libfuse.so.2, usidhani faili imeharibika. AppImage nyingi zilijengwa kwa kutegemea maktaba hiyo ya zamani, na mifumo kadhaa, Ubuntu tangu 22.04 ikiwamo, haiji nayo tena. Mtandaoni watakuambia uisakinishe, ushauri ambao kwenye laivu utaufuata upya kila siku. Wengine watakuambia uongeze --appimage-extract-and-run, na hapo programu itafunguka, lakini itajikunjua yote chini ya /tmp, na /tmp ya laivu ni memori. Kwa kompyuta ya gigabaiti 4 huko ni kujitafutia mgando. Nenda ndani ya KAZI, andika ./inkscape.AppImage --appimage-extract mara moja, nayo itatoa folda iitwayo squashfs-root hapo hapo kwenye flashi. Ibadilishe jina ili ya programu nyingine isije ikaandikwa juu yake, na tangu siku hiyo fungua AppRun iliyo ndani. Inachukua nafasi zaidi, lakini nafasi ya flashi unayo.

Kosa jingine linahusu GLIBC, likitaja nambari na kusema haikupatikana. Hiyo ni maktaba ya msingi ambayo AppImage kwa kawaida haiibebi bali huiazima kwa mwenyeji, na maana yake ni kwamba programu ni mpya kuliko mfumo. Debian 11 ina 2.31, na 12 niliyokupa ina 2.36. Tafuta programu ya zamani kidogo au laivu mpya zaidi, usijaribu kuibadilisha maktaba yenyewe.

Nina wasiwasi mmoja, nao si mdogo. Kwenye Debian ya laivu mtumiaji anaweza kutumia sudo, amri ya kutenda kama msimamizi mkuu, bila kuulizwa nywila yoyote, na AppImage haifungwi kwenye chumba chake peke yake. Inaona kila unachokiona wewe. Ukiunganisha mambo hayo mawili, programu mbaya ikifunguliwa kwenye flashi hii inaweza kuifuta diski ya kompyuta ya shule, ile ile ambayo mwalimu mkuu amekwambia isiguswe. Kwa hiyo shusha programu kwa wanaoitengeneza wenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp la walimu, na wakiwa wameweka alama ya SHA-256, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha faili, ilinganishe kwa amri ya sha256sum, angalau herufi nane za mwanzo na nane za mwisho kama una haraka. Mimi huzisoma zote. Hizi nilizokutumia nimezikagua. Na ile diski ya Windows itakayojitokeza pembeni mwa kidirisha cha mafaili, usiibofye hata kwa kuichungulia.

Flashi nimempa kijana wa jirani yangu, anayepanda basi kesho alfajiri, atavuka kwa boti kutoka Mokowe na kukuletea skuli kabla ya Adhuhuri, inshallah. Nimeifunga uzi mwekundu kwa sababu kifuniko chake kimepotea. Jaribu kwanza kwenye kompyuta moja: washa, fungua KAZI, chora mstari mmoja kwa Inkscape, uhifadhi humo humo, funga programu, chagua kuipachua KAZI na usubiri mpaka taa ya flashi iache kupepesa kabla ya kuzima. Usiichomoe flashi programu ikiwa wazi, maana bado inajisoma kutoka humo, na itaanguka pamoja na mchoro wako. Ukiwasha tena, mstari uko palepale, basi zitengenezee na zile kompyuta nyingine flashi zao. Ukikwama nipigie baada ya Isha, si kabla, maana wakati huo niko barazani na simu naiacha ndani.

Nisalimie wote, na mwambie mama watoto achari ya maembe ilifika na imekwisha.

Ni mimi rafikiyo,
wa Kibokoni