Barua ya wazi kwa vijana wa baraza: kila kitu kina sababu, sawa, kwa hivyo nini?

Wanangu, asalam aleikum.

Nawaandikia hivi manake pale barazani hamnipi nafasi, nikifungua mdomo tu mshanikatiza na video. Wiki zote hizi mada ni moja, ati sayansi imethibitisha binadamu hana hiari, ubongo unaamua kabla mwenyewe hajajua, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa wala wa kusaidiwa. Ya lawama ningewaachia mbishane mpaka mchoke. Ni hio "wala wa kusaidiwa" ndio imenikalia vibaya, na najua mlikuwa mkimsema nani.

Haya, hilo jaribio mnalolipenda. Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo, California, 1983. Watu wamebandikwa waya kichwani, wanatazama nukta inazunguka kama mshale wa saa, wanaambiwa chezesha mkono wakati wowote ukijisikia alafu utwambie nukta ilikuwa wapi hamu ilipokujia. Umeme wa ubongo ukawa unaanza kupanda kama milisekunde 550 kabla mkono haujasogea, na hamu yenyewe watu wakasema wameihisi milisekunde 200 hivi kabla. Basi hapo ndipo ugomvi wa miaka yote ulipotoka. Lakini Libet mwenyewe hakusema hiari haipo, alishikilia kuwa mtu bado ana kijinafasi cha kujizuia. 2008 wakaja watafiti kina John-Dylan Haynes wa Ujerumani na skana ya ubongo, wanabashiri utabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia sekunde kadhaa mapema, mkaisambaza kama muujiza, ila hakuna aliyewaambia walipatia kama mara 60 kwa 100 na ukirusha shilingi unapata 50. Alafu 2012 mtafiti mwengine, Aaron Schurger, na wenzake wakaonyesha ule umeme huenda hata si uamuzi, ni mtikisiko wa kawaida wa ubongo, unapanda unashuka, ukivuka kiwango fulani mkono unasogea.

Na isitoshe, kuchezesha mkono bila sababu yoyote ni uamuzi gani huo? Nani kati yenu alioa hivyo? (Kuna mmoja namjua, lakini tuyaache.)

Sasa Robert Sapolsky, profesa wa mambo ya ubongo wa Stanford, Marekani, yule aliyekaa na nyani miaka kwetu huku Maasai Mara. Kitabu chake cha 2023 kinakataa hiari kabisa, hata chembe: jeni, homoni, ulivyokuwa tumboni mwa mama, shida ulizokulia, vyote vimekupanga kabla hujafika. Mimi siendi nae mpaka mwisho, niko karibu zaidi na marehemu Daniel Dennett, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeona kuwa kuwa na sababu hakukuondolei uhuru ule wenye maana, wa kuambiwa jambo ukalipima ukageuka. Lakini Sapolsky msimsingizie. Yeye anasema watu wanabadilika kweli, ila wanabadilishwa na mambo. Na akifuta lawama anafuta na sifa pia. Nyinyi mmechukua kipande kinachowafaa, mkipasi mtihani ni bidii yenu, mwenzenu akianguka ni ubongo wake.

Haya mabishano wala si mageni, wazee wetu wa dini washayapitia, Qadariya huku wakisema mtu anaamua mwenyewe, Jabriya kule wakisema kila kitu kishapangwa na Mungu. Na mnakijua kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham (Syria na jirani zake) akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Swahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu ndio, tunakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Sijaona profesa aliyelisema vizuri kuliko hapo, kugeuka nako kumo ndani ya yaliyopangwa.

Mimi nimekaa miaka mahakamani kama karani, na sheria yetu ya makosa ya jinai, kifungu cha 9, inasema mtu hahukumiwi kwa tendo lililotokea bila utashi wake. Lakini pale kortini sikuona hiari ikiwa ya ipo-haipo, niliona ikiwa nyingi kwa huyu, kidogo kwa yule, na kwa mtu huyohuyo asubuhi si sawa na usiku.

Ndio tuje kwa huyo mliyekuwa mkimsema, mwenzenu aliyenaswa na unga, yaani heroini. Mnasema keshaumbwa hivyo, ubongo ushaharibika, tusijichoshe. Ubongo umebadilika kweli, sibishi, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika hiari yake ni ndogo mno na kumtukana ati hana msimamo ni ujinga. Sasa kama kila kitu kina sababu, si methadone, ile dawa ya kliniki inayompa mtu nafasi ya kuacha unga, nayo ni sababu? Anakunywa dozi kila siku mbele ya muuguzi, arosto inatulia, kichwa kinapata nafasi ya kufikiria kazi, mke, swala. Nimewaona hapa Mombasa waliorudi, na wengine waliorudi wakaanguka tena wakarudi tena. Na nyinyi, rafiki zake wa tangu madrasa, ni sababu pia, mkimkwepa barazani mnafanya kazi kwenye ubongo wake vilevile.

Mama yake kaniambia anataka kwenda kliniki ila anaona haya kwenda peke yake. Jumatatu asubuhi, wawili wenu mpitieni nyumbani mwende nae, nauli nitatoa mimi. Sapolsky na Dennett tutawaendeleza jioni mkisharudi, na kahawa ni juu yenu.

Mzee wenu,
karani mstaafu